Kesi Inayofia Ndani ya Bahasha

Amri yenyewe haizidi kurasa mbili tatu. Ndani yake jaji hasemi kwamba mlalamikaji ni mzima wa mgongo, wala kwamba daktari wake alitia chumvi, wala kwamba anaweza kurudi kiwandani kubeba maboksi. Juu ya maradhi hasemi lolote. Anasema tu kwamba mlalamikaji alitakiwa kuleta hoja zake za maandishi kufikia tarehe fulani, hakuleta. Akaandikiwa ajieleze, hakujieleza. Basi shauri linafutwa kwa kuwa mwenyewe ameacha kuliendesha. Sahihi, tarehe, mhuri wa karani.

Hivyo ndivyo zinavyokwisha baadhi ya kesi za mafao ya ulemavu katika mahakama za wilaya za shirikisho nchini Marekani, ambazo jumla yake ni 94. Habari hii inawagusa wasomaji wa Kiswahili kuliko inavyodhaniwa. Wakongomani waliopelekwa huko kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale, pamoja na Wakenya na Watanzania waliokwenda kwa njia nyingine, wamo katika foleni za Hifadhi ya Jamii, idara ambayo hata wao kwa wao huitaja kwa Kiingereza, "Social Security". Wapo waliovunjika nyonga, wapo wenye kisukari kilichokwisha kula macho, wapo ambao vita viliwaachia usingizi usiokuja. Wengi wanajua kuomba mafao. Wachache wameambiwa kinachotakiwa baada ya kumshtaki Kamishna wa idara hiyo mahakamani.

Safari ya kufika huko ni ndefu kiasi cha kumchosha hata mwenye afya. Mafao ni ya aina mbili. SSDI hutokana na makato ya mshahara wa mtu aliyewahi kufanya kazi, na msingi wake ni sheria ya mwaka 1956. SSI ni ya wazee, wasioona na wenye ulemavu ambao kipato chao ni kidogo au hawana kabisa, nayo ilianza kulipwa Januari 1974; mwaka 2025 kiwango chake cha juu cha serikali kuu kwa mtu mmoja kilikuwa dola 967 kwa mwezi. Aliyekataliwa huomba ombi lake liangaliwe upya. Akikataliwa tena, huenda mbele ya hakimu wa idara. Akishindwa hapo, huliandikia Baraza la Rufaa. Kila ngazi ina siku zake 60. Baraza likifunga mlango ndipo mahakama ya shirikisho inapofunguka, nayo kwa siku 60 zilezile, zikihesabiwa tangu mtu apokee barua ya Baraza.

Sheria inachukulia kwamba barua hiyo humfikia mtu siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake, isipokuwa aweze kuonyesha vinginevyo. Barua ya tarehe 3 Machi, kwa hiyo, inahesabiwa kuwa imepokelewa tarehe 8, na siku ya mwisho ya kufungua kesi inakuwa tarehe 7 Mei. Anayetuma waraka wake kwa posta ajue kwamba kinachohesabiwa ni siku karani alipoupokea. Chapa ya posta haimsaidii. Waraka uliotumwa tarehe 6 ukafika tarehe 9 umechelewa.

Mpaka hapa wengi hufika. Ada ya kufungua kesi ni dola 405, lakini asiyejiweza hujaza fomu ya kuomba asamehewe, akaeleza kipato chake na matumizi yake, na wapokeaji wa SSI au msaada wa chakula mara nyingi hukubaliwa. Ipo hata fomu ya malalamiko iliyotengenezwa kwa ajili ya kesi hizi, yenye nafasi za kujaza. Zamani kulikuwa na mtego mwingine: mlalamikaji alipaswa mwenyewe kuhakikisha hati ya wito inamfikia Kamishna na mawakili wa serikali, na aliyeshindwa kufanya hivyo kwa siku 90 aliweza kufutiwa kesi kabla hata haijaanza. Tangu tarehe 1 Desemba 2022, kanuni mpya za kesi za Hifadhi ya Jamii zimeuondoa mtego huo. Mahakama yenyewe ndiyo inayoijulisha serikali.

Mtego uliobaki uko mbele kidogo, na hatari yake ni kwamba unafanana na subira.

Mtu aliyekwisha kukaa mbele ya hakimu wa idara anakumbuka jinsi ilivyokuwa. Alipewa tarehe, akaitwa kwa jina, akaapa, akaulizwa anaweza kusimama dakika ngapi, na mkalimani wa Kiswahili alikuwepo, ana kwa ana au kwenye simu, bila malipo. Anadhani mahakama ya shirikisho itafanya vivyo hivyo, ila kwa ukubwa zaidi. Kwa hiyo akishafungua kesi anatulia kusubiri kuitwa. Haitwi. Kwa kawaida katika mahakama hiyo hakuna shahidi wala kiapo, na jaji huenda asimwone mlalamikaji hata siku moja. Kazi yake ni kusoma faili lililoamuliwa na idara na kupima mambo mawili: kama sheria ilifuatwa, na kama uamuzi ulikuwa na ushahidi wa kutosha. Anasoma hoja za pande zote mbili, kisha anaandika.

Ratiba yake ni hii. Serikali ina siku 60 za kujibu tangu ijulishwe, na jibu lake linaweza kuwa faili la idara peke yake, lililothibitishwa na kutiwa namba za kurasa. Mara nyingi ni mamia ya kurasa, pengine zaidi ya elfu. Faili hilo likishaingia mahakamani, saa ya mlalamikaji inaanza kugonga: siku 30 za kuleta hoja zake. Baadaye serikali ina siku 30 za kumjibu, naye ana siku 14 za kuijibu serikali, akitaka. Baadhi ya mahakama hutoa amri ya ratiba yenye tarehe kamili. Nyingine huiachia kanuni ijisemee. Kwa mlalamikaji, basi, ile barua nene au ile arifa fupi inayosema tu kwamba serikali imewasilisha kumbukumbu za shauri ndiyo tarumbeta yenyewe. Haisemi "sasa ni zamu yako". Anaiweka juu ya friji pamoja na bili ya umeme, anaendelea kusubiri.

Siku 30 zinapita. Jaji mvumilivu hutoa amri nyingine yenye kichwa cha maneno manne ambayo kila mwenye kesi Marekani anapaswa kuyatambua hata kama hajui Kiingereza kingine chochote: "Order to Show Cause". Maana yake ni kwamba mlalamikaji aeleze, kabla ya tarehe iliyotajwa, kwa nini kesi yake isifutwe. Mara nyingi tarehe hiyo haiko mbali, wiki mbili au tatu hivi. Barua hii ni tishio kwa sura yake, lakini kwa kweli ni mkono ulionyooshwa. Wengi wanaoijibu, hata kwa ukurasa mmoja usio na ufasaha, hupewa muda. Anayekaa kimya amemrahisishia jaji kazi.

Mamlaka ya kufuta kesi kwa njia hii ni ya zamani, nayo imeandikwa katika kanuni ya 41(b) ya mwenendo wa madai. Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha mwaka 1962 katika kesi dhidi ya kampuni ya reli ya Wabash, inayosomwa hadi leo vyuoni. Mlalamikaji alikuwa dereva aliyegongana na treni, kesi ikiwa mahakamani tangu Agosti 1954. Oktoba 1960 jaji wa Hammond, Indiana, aliwaita mawakili kikao cha maandalizi. Wakili wa dereva alipiga simu asubuhi hiyo kusema yuko Indianapolis na kazi nyingine, hataweza kufika kwa saa iliyopangwa. Jaji akaifuta kesi ya miaka 6. Ilipofika Washington, majaji 4 kwa 3 walisema alikuwa na haki kufanya hivyo. Kuhusu malalamiko kwamba dereva anaadhibiwa kwa kosa la wakili wake, walijibu kwamba wakili huyo alimchagua mwenyewe, hivyo hawezi kuyakimbia matendo yake.

Ukali huo umelainishwa kiasi. Mahakama ya rufaa iliyoko Philadelphia, inayosimamia Pennsylvania, New Jersey na Delaware, iliweka mwaka 1984 vipimo 6 ambavyo majaji wa huko hupitia kabla ya kufuta: kosa ni la mlalamikaji mwenyewe au la wakili, upande wa pili umeumia vipi, je, ni mazoea, je, ni kwa makusudi, je, ipo adhabu nyepesi zaidi, na je, madai yenyewe yana uzito. Mahakama nyingine za rufaa zina vipimo vinavyokaribiana na hivyo. Tatizo ni kwamba vipimo hivi humsaidia aliyesema kitu. Asiyejitetea hamsaidii jaji kujua kama alikuwa amelazwa hospitali au alikuwa amekata tamaa.

Na kuna wale ambao hawakupata hata barua. Hapa ndipo wahamiaji wanapoumia zaidi, kwa sababu nyumba ya kwanza ya kupangishiwa na shirika la wakimbizi si nyumba ya kukaa. Familia inahama mtaa, inahama jimbo kumfuata shemeji aliyepata kazi ya kuchinja kuku. Mtu anaitaarifu posta, anaitaarifu Hifadhi ya Jamii, anaona amemaliza. Mahakama haimo katika hao wawili. Karani wa mahakama hapokei taarifa kutoka idara. Kwake idara ni mdaiwa. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ya San Francisco iliikubali hatua ya kufuta kesi ya mfungwa aliyejiwakilisha, ambaye barua za mahakama zilirudi bila kufika na yeye hakutoa anwani mpya. Mahakama, walisema majaji, haiwezi kuishikilia kesi bila kikomo kwa sababu mwenye kesi hapatikani kwa kosa lake mwenyewe. Kinga ya jambo hili ni karatasi moja: jina, namba ya kesi, anwani ya zamani, anwani mpya, tarehe, sahihi, ipelekwe kwa karani kabla au mara tu baada ya kuhama.

Namba ya kesi nayo ni ya kujua kwa moyo. Inafanana na hii: 1:24-cv-00318. Tarakimu ya kwanza ni ofisi ya mahakama, 24 ni mwaka kesi ilipofunguliwa, "cv" ni alama ya madai, na zinazofuata ni namba ya kesi yenyewe. Mtu akiwa nayo anaweza kumpigia karani simu na kuuliza mambo mawili ambayo karani anaruhusiwa kuyajibu: kumbukumbu za shauri zimeshaingia? Kuna tarehe yoyote inayonihusu? Karani hatamwambia la kuandika, maana huo ni ushauri wa kisheria, lakini tarehe atamtajia. Ipo pia hifadhi ya mtandaoni ya mahakama, PACER, inayotoza senti 10 kwa ukurasa na kusamehe kabisa deni lisilozidi dola 30 kwa robo mwaka. Kupiga simu mara moja kila wiki mbili ni nidhamu ndogo inayotosha.

Lugha ndiyo kikwazo kinachokasirisha zaidi. Idara ya Hifadhi ya Jamii hutoa mkalimani bure katika kila hatua yake, na anayepiga 1-800-772-1213 anaweza kuomba wa Kiswahili. Mahakamani ukarimu huo unakoma. Sheria ya wakalimani wa mahakama za shirikisho inahusu kesi zilizofunguliwa na serikali, na hapa aliyefungua ni raia au mkimbizi. Barua zote huja kwa Kiingereza na majibu yote yaende kwa Kiingereza. Kwa hiyo barua husomwa na kijana wa sekondari aliyetoka shule, mkoba bado mgongoni, na kijana anapokuta maneno "dismissed without prejudice" huiuliza simu yake, nayo inaweza kumjibu "imefutwa bila ubaguzi". Mama anashusha pumzi: kumbe hawakumbagua.

Maneno hayo mawili ya mwisho yanastahili kuchambuliwa, kwa kuwa yanawapoteza hata wanaojua Kiingereza. Maana yake ni kwamba kufutwa huko hakumzuii mtu kufungua kesi upya. Katika madai ya kawaida hiyo ni nafuu. Katika kesi ya mafao ni nafuu ya jina tu, kwa sababu zile siku 60 za kufungua kesi zilikwisha zamani, na kesi iliyofutwa haizirudishi. Mlango haukufungwa kwa ufunguo, lakini ngazi ya kuufikia imeondolewa. Mwaka 1986 Mahakama Kuu ilikubali, katika kesi ya Jiji la New York, kwamba siku 60 zinaweza kusimamishwa kwa sababu za haki, lakini huko idara ilikuwa imewanyima watu kwa kutumia sera ya siri. Kusahau kusoma barua hakujawahi kufika uzito huo.

Ni afadhali, basi, kuomba muda mapema. Hili ndilo jambo ambalo wenye kesi wanalionea haya bila sababu. Mawakili wa serikali wenyewe huliomba mara kwa mara. Likiombwa kabla ya tarehe kupita, jaji anahitaji sababu nzuri tu. Likiombwa baadaye, mtu lazima aonyeshe kwamba uzembe wake unasameheka, na hapo mizani inakuwa nzito. Ombi lenyewe halihitaji ufasaha. Juu linakaa jina la mahakama, majina ya pande mbili na namba ya kesi. Chini yake, kwa Kiingereza chepesi: hoja zangu zinapaswa kufika tarehe kadhaa, nililazwa kuanzia tarehe hii hadi hii, bado ninatafuta wakili, ninaomba siku 30 zaidi, sijawahi kuomba kabla ya hapa. Sahihi, anwani, simu. Sahihi iwe ya mlalamikaji mwenyewe. Mchungaji, kiongozi wa jumuiya au binti msomi anaweza kusaidia kuandika, lakini asiyekuwa wakili akisaini kwa niaba ya mtu mzima mwenye akili timamu, waraka unaweza kukataliwa.

Hoja zenyewe ni kazi kubwa zaidi, ila si lazima ziwe kitabu. Kosa la kawaida ni kumsimulia jaji maumivu upya. Jaji hawezi kutoa mafao kwa huruma. Anahitaji kuonyeshwa ukurasa. Mathalani hakimu wa idara aliandika kwamba mlalamikaji anaweza kufanya kazi nyepesi, ambayo katika lugha ya idara ni kusimama au kutembea takriban saa 6 kwa siku na kunyanyua hadi ratili 20, yaani kilo 9 hivi. Daktari wake, kwenye ukurasa wa 412 wa faili, aliandika saa 2. Kwa maombi yaliyoletwa tangu tarehe 27 Machi 2017, hakimu anapaswa kueleza jinsi alivyopima maoni ya daktari huyo kwa mambo mawili: yameungwa mkono na vipimo vyake mwenyewe, na yanalingana na ushahidi mwingine? Kama hakueleza, hilo ni kosa la kisheria, na sentensi nne zenye namba ya ukurasa zinatosha kulitaja. Kinyume chake, kurasa nzima za kulalamika kwamba mtu hajui Kiingereza hivyo hawezi kuajiriwa hazitafika mbali, maana tangu tarehe 27 Aprili 2020 kanuni za idara hazikihesabu tena kigezo hicho katika elimu ya mwombaji.

Inafaa kuhangaika? Utafiti wa maprofesa Jonah Gelbach na David Marcus uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba karibu nusu ya kesi hizi hurudishwa idarani zikasikilizwe upya. Ni uwezekano ambao mtu mwenye kesi ya aina nyingine angeuonea wivu. Ndiyo maana wapo mawakili wanaozichukua bila kudai chochote mwanzoni. Ujira wao kwa kazi ya mahakamani haupaswi kuzidi asilimia 25 ya malimbikizo atakayolipwa mteja, na mara nyingi serikali iliyoshindwa hulazimika kulipa sehemu. Ofisi za msaada wa kisheria na kliniki za vyuo vya sheria nazo huzichukua. Anayemtafuta wakili aanze siku ile ile barua ya Baraza la Rufaa inapofika, wala asingoje siku ya 55.

Kuwa na wakili hakumruhusu mtu kusinzia, kama yule dereva wa Indiana alivyojifunza. Mwaka 2012 Mahakama Kuu, kwa majaji 7 kwa 2, ilimwokoa mfungwa wa Alabama aliyehukumiwa kifo baada ya mawakili wake wawili wa New York kuacha kazi bila kumwambia, na barua za mahakama kurudishwa bahasha zikiwa hazijafunguliwa. Lakini huko mawakili walikuwa wamemtelekeza kabisa. Wakili mzembe wa kawaida, anayechelewesha tu, hamwokoi mteja. Mteja ana haki ya kuuliza hoja zitapelekwa lini na kupewa nakala zikishapelekwa.

Na kama amri ya kufuta imekwisha kutoka? Bado kuna siku 28 za kumwomba jaji aibadilishe. Kuna ombi la kanuni ya 60(b) kwa kosa au uzembe unaosameheka, liletwe ndani ya muda wa haki usiozidi mwaka mmoja. Mwaka huo ni ukomo wa mwisho, na anayeleta mwezi wa pili anasikilizwa tofauti na anayeleta wa kumi na moja. Kuna rufaa, na kwa kuwa serikali ni mdaiwa, muda wake ni siku 60 badala ya 30. Katika yote hayo kinachohitajika ni vielelezo: karatasi ya hospitali yenye tarehe, bahasha iliyorudi, mkataba wa nyumba mpya. Pamoja navyo ziambatanishwe hoja zenyewe zilizokosekana, ili jaji aone kwamba safari hii kazi imefanywa.

Njia ya mwisho ni kuomba mafao upya, na haina kizuizi, ila ina gharama. SSI mpya hulipwa tangu mwezi unaofuata ombi jipya, hivyo miaka ya nyuma iliyokuwa ikipiganiwa imekwenda. SSDI inaweza kurudi nyuma miezi 12 tu kabla ya ombi, na ina jambo jingine zito zaidi: bima yake huisha, kwa kawaida miaka 5 baada ya mtu kuacha kazi. Aliyefanya kazi mfululizo hadi Desemba 2020 kwa kawaida bima yake inaishia Desemba 2025. Akiomba upya mwaka 2026 atatakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa mlemavu kabla ya tarehe hiyo, kwa karatasi za hospitali za wakati ule, zile ambazo tayari zimo ndani ya faili la kesi iliyofutwa. Faili hilo aombe nakala yake.